Nasaba na Vinasaba: Miili ya Makaburini na Historia ya Miji ya Waswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ushahidi wa miili ya watu wa kale unavyoweza kusomwa sambamba na tarihi, akiolojia na isimu ya kihistoria katika kueleza asili ya miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Hoja ya msingi ni kwamba nasaba na vinasaba si kitu kimoja. Nasaba huhifadhi safu ya akina baba kwa makusudi ya heshima na urithi, ilhali mwili hubeba wazazi wote bila kuchagua. Kwa kuyasoma matokeo ya uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 pamoja na matini za Tarihi ya Kilwa, makala yanadai kuwa jipya lililoletwa na miili hiyo si baba Mwajemi, ambaye tarihi ilikwisha kumtaja, bali mama Mwafrika, ambaye tarihi ilimtaja kwa nadra na mara nyingine kwa aibu.

Utangulizi

Neno vinasaba limeingia katika matumizi ya kila siku nchini Tanzania kwa njia ya mahakama, hospitali na magazeti. Baba anayetilia shaka uzazi wa mtoto huambiwa aende wakapimwe vinasaba. Kimofolojia neno hili halina utata: ni nasaba, neno lenye asili ya Kiarabu, lililopachikwa kiambishi cha ngeli ya ki-/vi-, kana kwamba ndani ya mwili mna nasaba ndogondogo zinazoweza kuhesabiwa. Waliolibuni walifanya kazi nzuri, kwa kuwa msikilizaji hulielewa bila kufafanuliwa. Hata hivyo, wepesi huo umetuletea tatizo ambalo halikuwa dhahiri mpaka vinasaba vilipoanza kupimwa katika mifupa ya watu waliozikwa Mtwapa, Manda na Kilwa karne nyingi zilizopita.

Mwaka 2023, muda mfupi baada ya matokeo ya vipimo hivyo kutangazwa, mwanafunzi mmoja wa shahada ya umahiri aliniuliza darasani iwapo sasa tukubali kuwa Waswahili ni Waajemi. Kabla sijajibu, mwenzake alisema kwa ukali kuwa hao waliopimwa hawakuwa Waswahili. Wawili hao walionekana kupingana, lakini walisimama juu ya dhana moja: kwamba kilichomo katika mfupa ni nasaba ya mtu, na kwamba nasaba ndiyo inayoamua mtu ni nani. Makala haya ni jibu ambalo siku ile sikuweza kulitoa kwa ukamilifu.

Dhana hiyo ina historia ndefu. Waandishi wa enzi ya ukoloni, mmojawapo akiwa F. B. Pearce katika kitabu chake cha mwaka 1920 kuhusu Zanzibar, waliiona miji ya mawe ya pwani kuwa kazi ya wageni kutoka Uajemi na Uarabuni. Sheria za kikoloni nazo zikawapanga watu katika mafungu ya wenyeji na wasio wenyeji, na kila fungu likapewa kodi yake, mahakama yake na haki zake. Katika mazingira hayo, kujiita Mshirazi au Mwarabu halikuwa suala la kumbukumbu tu, bali pia suala la chakula, ardhi na kura. Hata chama kilichoundwa Zanzibar mwaka 1957 kilibeba majina yote mawili, Afro na Shirazi, katika jina lake. Wasomi wa kizazi kilichofuata, miongoni mwao Derek Nurse na Thomas Spear (1985), James de Vere Allen (1993), na Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff (1994), walijibu kwa kuonyesha kuwa lugha, ufinyanzi, ujenzi na maisha ya miji hiyo vilichipuka Afrika. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Ila katika kulitetea, baadhi yetu tuliizoea kauli kwamba Washirazi ni ngano tu, nasaba za kubuni zilizotungwa na wenye miji ili wajitukuze. Mimi mwenyewe nimewahi kuifundisha hivyo.

Nasaba iliyoandikwa

Tarihi ya Kilwa imetufikia kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni muhtasari wa Kireno uliomo katika kitabu cha João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552. Ya pili ni matini ya Kiarabu iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 16, ambayo nakala yake iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877 ilimfikia John Kirk na sasa imo katika Maktaba ya Uingereza. Kuna pia masimulizi ya Kiswahili yaliyokusanywa Kilwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Matini hizi hazikubaliani katika mengi, na kutokubaliana huko ndiko kunakozipa thamani kwa mada hii.

Katika matini ya Kiarabu, sultani wa Shiraz na wanawe sita wanaondoka kwao kwa merikebu saba baada ya ndoto ya panya mwenye mdomo wa chuma anayetoboa kuta za mji. Kila merikebu inatia nanga mahali pake, na mmoja wao anafika Kilwa, ambako anainunua ardhi ya kisiwa kwa nguo za rangi zinazotosha kukizunguka. Kwa Barros, habari ni nyingine. Ali, mwasisi wa Kilwa, ni mwana wa sultani wa Shiraz kwa mjakazi wa Kihabeshi, na nduguze, ambao mama zao ni wa jamaa za wakuu wa Uajemi, wanamdharau kwa sababu ya mama yake. Anaondoka kwenda kutafuta mahali ambapo dharau hiyo haitamfuata. Masimulizi ya Kiswahili nayo yanamtaja mwenyeji wa kisiwa, Mrimba, ambaye mgeni anamwoa binti yake kabla ya habari ya nguo kuingia.

Ninaomba msomaji azingatie kwamba mama yumo katika matini mbili kati ya tatu, na katika kila moja ni Mwafrika. Kwa Barros ni mjakazi, na yuko ng'ambo, kabla ya safari. Katika masimulizi ya Kiswahili ni binti wa mwenye mji, na yuko Kilwa penyewe. Katika matini ya Kiarabu, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwa mtindo rasmi wa tarihi za Kiislamu, hayupo. Kanuni ya fulani bin fulani imemwondoa, na haikuhitaji kusema uongo ili kufanya hivyo. Nasaba ya aina hii ni hati ya urithi wa utawala, na hati ya urithi humtaja anayerithiwa.

Kilichosemwa na udongo

Neville Chittick alifukua Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1974. Yeye aliikubali tarihi kwa jumla, lakini kwa kutegemea sarafu na tabaka za udongo aliusogeza mwanzo wa nasaba ya Kishirazi mpaka mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1984 hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha ilipatikana Mtambwe Mkuu, Pemba. Miongoni mwake zilikuwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan, na pamoja nazo dinari za Kifatimi ambazo ya mwisho ni ya mwaka 1066. Hivyo mtawala mwenye jina lile lile linalotajwa na tarihi alikwisha kutoa sarafu kabla ya mwisho wa karne ya 11. Hazina moja iliyozikwa chini ikabadilisha hesabu ya zaidi ya karne nzima.

Kwa upande mwingine, Mark Horton aliyefukua Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe mfululizo wa misikiti midogo ya miti, wa kwanza ukiwa wa karne ya 8. Waliousali walitumia vyungu vya aina moja na vile vya wakulima wa bara na mwambao mzima. Vyombo kutoka Ghuba vipo, ila ni sehemu ndogo sana. Ushahidi huu ni mzito, na sijaona matokeo ya baadaye yanayoutengua: mji ulikuwapo na Uislamu ulikuwapo karne mbili kabla ya wakati ambao tarihi inawaleta Washirazi. Anayetaka kutumia mifupa ili kurudisha hadithi ya wageni waliojenga miji katika pwani tupu itambidi kwanza aieleze Shanga.

Miili yenyewe

Kwa wanaisimu na wanafasihi wengi mwili wa kale ni kitu kigeni, kwa hiyo inafaa kueleza unasomwaje. Jambo la kwanza ni mlalo. Katika pwani yetu kibla kiko kaskazini, na maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, miguu magharibi, uso ukielekea Makka. Mwanaakiolojia anayekuta mifupa imelala hivyo anakuwa amesoma imani ya waliozika kabla hajagusa mfupa hata mmoja. Kisha huangaliwa nyonga na fuvu ili kukadiria jinsia, na meno ili kukadiria umri. Jino lina faida ya pekee. Gamba lake gumu hujengwa utotoni na halibadiliki tena, hivyo mistari iliyomo humo huonyesha maradhi au njaa ya utotoni, na kemikali zake hubeba alama ya maji na udongo wa mahali mtoto alikokulia. Mtu aliyekulia bara na kuzikwa pwani anaweza kutambulika kwa jino.

Mfupa, kinyume cha jino, hujijenga upya maisha yote, na kwa hiyo husema zaidi kuhusu chakula cha ukubwani. Isotopu za kaboni hutofautisha mtama, uwele na ulezi kwa upande mmoja na mpunga kwa upande mwingine. Tatizo la pwani ni kuwa samaki wa baharini huacha alama ya kaboni inayokaribiana na ya mtama, na bila kupima naitrojeni pia mtafiti anaweza kumwita mvuvi mkulima. Samaki huleta tatizo jingine, la tarehe. Kaboni iliyomo baharini ni kongwe kuliko ya hewani, na mtu aliyekula samaki maisha yake yote huonekana, katika vipimo vya kaboni mionzi, kuwa amekufa zamani kuliko alivyokufa. Tarehe za mifupa ya Waswahili zisiporekebishwa kwa ajili ya kitoweo chao huwa si sahihi. Hapa mabaki ya mimea husaidia. Sarah Walshaw ameonyesha kuwa huko Chwaka, Pemba, mpunga ulichukua nafasi ya uwele kufikia karne ya 11, yaani karne ile ile tunayoishughulikia. Wali uliingia katika mifupa ya watu wakati jina la Ali bin al-Hasan lilipokuwa likipigwa kwenye fedha.

Yapo ambayo mwili hauwezi kuyahifadhi. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika kwamba wengi wa watu wake walikuwa Wazanji weusi sana wenye alama zilizochanjwa usoni. Alipokuwa Mogadishu alistaajabia unene wa watu na wingi wa chakula chao, na Mombasa aliwaona watu wakiosha miguu kwa maji ya kisima kilichochimbwa mlangoni mwa msikiti na kuifuta kwenye mkeka kabla ya kuingia. Chale hazifiki mfupani. Ngozi ikishaoza, alama zile zinabaki katika maneno ya msafiri peke yake, na msomaji wa mifupa asiyeisoma safari ya Ibn Battuta hatajua kuwa nyuso alizonazo mezani huenda ziliwahi kuchanjwa. Ikumbukwe pia kuwa sultani wa Kilwa wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, hakuwa wa ukoo wa Kishirazi bali wa ukoo wa Mahdali wenye asili ya Yemeni. Msafiri aliyeiona familia yenye nasaba ya Uarabuni ikitawala aliwaelezea raia wake kwa rangi na chale, na hakuona haja ya kupatanisha mambo hayo mawili.

Vinasaba ndivyo vilivyochelewa kuliko vyote, kwa sababu joto na unyevu wa pwani huviharibu. Njia ilifunguka ilipogundulika kuwa mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani huvihifadhi kuliko sehemu nyingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, ukiongozwa na Esther Brielle pamoja na David Reich, Chapurukha Kusimba, Jeffrey Fleisher, Stephanie Wynne-Jones na wenzao, ulihusu watu 80 wa miji sita ya pwani ya kati ya mwaka 1250 na 1800, pamoja na watu wa Makwasinyi, kijiji cha bara karibu na mlima Kasigau, wa baada ya mwaka 1650. Miji hiyo ni Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, na Mtwapa ndiyo iliyotoa miili mingi zaidi.

Wengi wa watu wa pwani walikuwa na asili mchanganyiko. Zaidi ya nusu ya urithi wao kwa kawaida ni wa Afrika, na sehemu kubwa ya uliobaki ni wa Asia. Sehemu hiyo ya Asia kwa asilimia 80 hadi 90 inafanana na watu wa Uajemi, na iliyosalia na watu wa Bara Hindi. Mchanganyiko ulikuwa umeanza kufikia takriban mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 asili ya Uarabuni inaanza kuonekana zaidi. Lakini tokeo lenye uzito mkubwa zaidi linahusu jinsia. Kromosomu Y, inayopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, kwa sehemu kubwa ni ya Asia ya kusini-magharibi. Vinasaba vya mitokondria, ambavyo mama huwapa watoto wake wote, karibu vyote ni vya Afrika.

Tarehe ya mwaka 1000 inahitaji tahadhari. Hukokotolewa kwa kuhesabu vizazi kutokana na urefu wa vipande vya urithi, na hutoa wastani. Ndoa zilizotokea kwa karne mbili au tatu huonekana kama tukio moja la katikati. Vilevile "Uajemi" hapa ni jina la ufanano wa kitakwimu, na hauwezi kumtenga mtu wa Shiraz na mtu wa Siraf, bandari ya Ghuba iliyopigwa na tetemeko la ardhi mwaka 977 na ambayo wafanyabiashara wake walijulikana katika Bahari ya Hindi. Pamoja na tahadhari hizo, sioni namna ya kuendelea kufundisha kuwa baba wa Kishirazi alibuniwa. Kauli yangu ya zamani ilikuwa na kasoro, na mifupa ya Mtwapa imeisahihisha.

Mama alikuwa nani?

Baada ya kukiri hivyo, inabaki kuuliza jambo ambalo magazeti hayakuliuliza. Ikiwa baba alikwisha kutajwa tangu 1552, basi miili hiyo haikumgundua. Iliyemleta ni mama, kizazi baada ya kizazi, na swali la kihistoria ni mama wa namna gani.

Tarihi zinatupa mama wawili: binti wa Mrimba na mjakazi wa Kihabeshi. Tofauti yao kijamii ni kubwa mno. Wa kwanza anaolewa na mgeni anayeingia katika jamaa yake, kwa idhini ya baba yake na katika ardhi yake. Wa pili ni suria, ametolewa kwao, na mwanawe kwa sheria ya Kiislamu ni huru na hufuata nasaba ya baba, ila kwa watu hubaki akikumbushwa tumbo alilotoka. Kromosomu Y na mitokondria haviwezi kuwatofautisha mama hawa. Mtoto wa ndoa ya heshima na mtoto wa suria wana mwili wa namna moja. Hapa maabara hunyamaza, na mwanahistoria hana budi kurejea kwenye vyanzo vyake vingine.

Nina sababu tatu za kudhani kuwa binti wa Mrimba ndiye aliyekuwa kielelezo cha kawaida zaidi katika kipindi cha mwanzo, bila kumkana mwenzake. Kwanza, sehemu ya Kiafrika ya watu wa Mtwapa, Manda na Faza inafanana na ile ya watu wa Makwasinyi, yaani majirani wa bara, ilhali ya watu wa kusini ina chanzo chake tofauti cha Kibantu. Kama mama wengi wangekuwa wajakazi walioletwa kutoka mbali kwa merikebu, tungetarajia mseto usiofuata ujirani. Pili, desturi ya makazi. Katika familia za waungwana wa Lamu na miji mingine, kama alivyoeleza John Middleton (1992), nyumba hupewa binti, na mume ndiye anayehamia. Desturi kama hiyo ipo Ngazija. Mgeni mwenye mali lakini asiye na jamaa angepokelewa kwa urahisi katika utaratibu huo, na watoto wake wangekulia nyumbani kwa mama, miongoni mwa bibi, mama wadogo na wajomba. Sababu ya tatu ni lugha, na hiyo inastahili nafasi yake.

Ushahidi wa lugha

Derek Nurse na Thomas Hinnebusch (1993) walithibitisha kwa kina kuwa Kiswahili ni lugha ya kundi la Sabaki, pamoja na Kikomoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kielwana. Maneno ya Kiarabu yaliyomo ni mengi, lakini sehemu kubwa yake iliingia katika karne za hivi karibuni, si mwanzoni. Ya Kiajemi ni machache. Nahodha na bandari ni maneno ya bahari yaliyosambaa kwa wafanyabiashara wa mataifa mengi, na hayahitaji baba Mwajemi katika kila nyumba ili kueleweka. Nairuzi ni mfano mzuri zaidi: jina na hesabu ya siku 365 ni vya Kiajemi, lakini sherehe yenyewe kule Makunduchi huitwa Mwaka Kogwa, kwa maneno ambayo hayana Uajemi hata chembe.

Kwa hiyo tuna watu ambao karibu nusu ya miili yao ilitoka ng'ambo ya bahari, wakisema lugha ambayo sarufi yake na msamiati wake wa msingi havikutikisika. Kwa mwanaisimu, hali hii ina maelezo mepesi. Mtoto husema lugha ya wale wanaomlea. Kama baba walikuja mmoja mmoja, wakaoa na kuhamia, lugha yao ilikufa katika kizazi cha kwanza. Kama wangekuja na wake zao, au kama mama wangekuwa wajakazi wa lugha mbalimbali wasio na jamaa karibu, tungekuwa na lugha ya namna nyingine.

Msamiati wa ujamaa unaelekea upande huo huo. Ndugu wa mama mmoja huitwa ndugu wa tumbo moja, na aliyenyonya pamoja na mwingine ni nduguye wa ziwa. Tumbo na ziwa ni maneno ya Kibantu. Upande wa baba, nasaba ni neno la Kiarabu, na ami, neno la pwani kwa ndugu wa kiume wa baba, ni la Kiarabu pia, lakini mjomba amebaki na jina lake la Kibantu. Neno binamu lilikuwa na maana ya mwana wa ami tu. Leo linamhusu hata mtoto wa mjomba, kana kwamba upande wa baba ulipoingiza neno, upande wa mama ulilichukua na kulitumia utakavyo. Nisilivutie jambo hili kupita kiasi: ukoo, mlango na mbari ni maneno ya nyumbani na hutumika kwa safu za baba. Maneno machache hayathibitishi historia. Yanaweza tu kuonyesha kwamba hayapingani nayo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kaburini. Maiti hubebwa kwenye jeneza na kusomewa hitima, maneno mawili ya Kiarabu. Lakini kitendo chenyewe ni kuzika, kitenzi cha Kibantu, na uwazi uliochimbwa ndani ya kaburi, pale anapolazwa akielekea kibla, huitwa mwanandani. Neno hili limejengwa kwa mwana na ndani. Wanaakiolojia hupima mlalo wa mifupa ili kuthibitisha Uislamu wa marehemu, na mahali hasa ilipolala mifupa hiyo panatajwa kwa Kibantu.

Wasiokuwamo

Makaburi ya mawe yaliyo karibu na misikiti hayakuwa ya kila mtu. Miji ya Waswahili ilikuwa na nyumba za mawe chache na nyumba za udongo na makuti nyingi, na waliokaa katika hizi za pili ndio waliokuwa wengi. Songo Mnara, ambako Wynne-Jones na Fleisher wamefukua kwa miaka, yapo makaburi katika uwanja wa wazi katikati ya mji, na watu waliyaendea wakiacha vijiwe vyeupe na sarafu. Hapo nasaba ilionekana kwa macho: mahali pa kuzikiwa, jiwe, na walio hai wanaokuja kuzuru. Aliyefia kwenye kibanda hakuacha alama ya kumwongoza mwenye kufukua. Hivyo sampuli zetu zimechujwa na utaratibu ule ule wa heshima uliozichuja tarihi. Tunapoviweka vinasaba vya Mtwapa mbele ya Tarihi ya Kilwa, tunalinganisha waungwana na waungwana.

Mtu mmoja wa Pemba anatusaidia kuliona hili. Mifupa yake ilipatikana katika Pango la Makangale, na vinasaba vyake vilichapishwa mwaka 2017 katika uchunguzi wa Pontus Skoglund na wenzake. Aliishi takriban miaka 600 iliyopita, wakati Mtwapa na Kilwa zimestawi, katika kisiwa ambacho sarafu za Ali bin al-Hasan zilikuwa zimelala ardhini tayari kwa karne tatu. Urithi wake wote ni wa aina ya watu wasemao lugha za Kibantu, na hauna Asia ndani yake. Mwanafunzi wangu wa kwanza asingemhesabu, na wa pili angemhesabu yeye peke yake. Lugha aliyoisema haiwezi kupimwa, lakini sioni sababu ya kudhani kuwa haikueleweka Mtwapa.

Kuhusu Mtwapa penyewe, Kusimba ameeleza kuwa ilimchukua miaka mingi ya kuishi na kuzungumza na wenyeji kabla ya kukubaliwa kuyagusa makaburi, na kwamba kwa kuheshimu matakwa yao kazi ya kufukua, kuchukua sampuli na kuzika tena ilikamilishwa ndani ya msimu mmoja. Waliotoa ruhusa hiyo hawakuwa na orodha ya majina ya waliozikwa pale. Waliwahesabu kuwa wazee wao, na kwa msingi huo wakadai warudishwe ardhini.